Nani Atalishika Daftari Kesho?

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa nikifundisha somo la uraia katika darasa la mwisho la sekondari, hapa kwetu Kalundu. Tulikuwa tumefika kwenye kazi za serikali: kulinda mipaka, kutoza kodi, kutunza amani. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni mbeba mizigo bandarini, akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "nimeona katika simu kwamba huko Kampala Leta imetundika kamera juu ya nguzo za barabarani, na kamera hizo zajua sura za watu. Mwizi akipita, mashine yenyewe yamwonyesha askari. Kwa nini sisi hatuna? Hapa bandarini magunia yapotea, na anayekatwa mshahara ni mbebaji."

Darasa zima likamshangilia. Kila mmoja alikuwa na kisa chake: simu iliyonyang'anywa usiku, mbuzi aliyetoweka, duka la mjomba lililovunjwa mlango. Nami, kusema kweli, nilikuwa karibu kuwaunga mkono. Ndipo msichana mmoja aketiye karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa muhula, akasimama. Akauliza: "Na kesho, mwalimu, kamera hizo zitakuwa mkononi mwa nani?"

Kelele zikakoma. Sikuhitaji kumfafanulia mtu yeyote swali hilo, kwa maana watoto hawa wamezaliwa Uvira. Kengele ikalia kabla sijajibu, na nilifurahi kwamba imelia. Niliwaahidi kwamba nitatafuta, nitasoma, kisha nitajibu katika ukurasa huu, ili hata wazazi wasikie.

Kwanza tuitendee serikali haki. Serikali isiyojua watu wake haiwezi kuwajengea shule wala kuwapelekea chanjo. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuzichukua nyumba za watu hapa Uvira, ni nani aliyetaka jina lake lisahauliwe katika orodha ya msaada? Kila mama alisukumana ili aandikwe. Sisi Wakristu hatuwezi kusema kwamba kuandikwa ni dhambi, kwani Yosefu mwenyewe alitoka Nazareti akaenda Bethlehemu na mke wake mja mzito, kwa sababu Kaisari alitaka watu wahesabiwe. Hakukimbia wala hakuficha jina lake. Na nchi yetu yateseka kwa kutohesabu kuliko kwa kuhesabu: hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa mwaka 1984, na kwa miaka mingi sasa raia hutumia kadi ya kupigia kura kana kwamba ni kitambulisho chake.

Vivyo hivyo mwizi yafaa ashikwe. Sipendi hata kidogo wale waandikao kana kwamba kila askari ni adui. Baba wa kijana yule wa bandarini anadai haki yake, na dai lake ni la kweli.

Lakini tazameni tofauti. Askari asimamaye langoni ana macho mawili. Huchoka, husinzia, huenda kula. Amwona mtu, na kesho yake amemsahau, isipokuwa ana sababu ya kumkumbuka. Mashine hii tunayoizungumzia haichoki. Yamwangalia kila apitaye: mwizi, mjane, katekista, mtoto aendaye kuchota maji. Yapima umbali wa macho, upana wa pua, umbo la taya, yafanya hesabu, na hesabu hiyo yaiweka akiba. Siku yoyote mtu mwenye ufunguo aweza kuuliza: fulani alikuwa wapi Jumanne, alitembea na nani, aliingia nyumba ipi? Na mashine itajibu, hata kama siku ile fulani hakuwa na kosa lolote na hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Wavuvi wetu wanajua jambo hili kuliko mimi. Kwa nini wamekatazwa kuvua kwa chandarua cha mbu? Chandarua chavua sana! Lakini chavua pamoja na mayai na vitoto ambavyo havijawa samaki bado, na mwishowe ziwa labaki maji matupu. Wavu halali una macho ambayo kilicho kidogo chaweza kupenya. Sheria nzuri juu ya mashine za kupeleleza ni kazi ya namna hiyo hiyo: yaacha wavu uwepo, lakini yapima macho yake.

Sasa twende Kampala, maana ndiko kijana wangu alikotupeleka. Mwezi wa Machi 2017 afisa mkubwa wa polisi ya Uganda, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake. Watu walifadhaika, kwani hakuwa wa kwanza kuuawa namna ile. Rais Museveni akaamuru kamera zitundikwe mijini na katika barabara kuu. Kampuni ya Kichina, Huawei, ilipewa kazi hiyo, na mwaka 2019 polisi walikubali kwamba gharama yake ni dola milioni 126, na kwamba mitambo hiyo yaweza kutambua nyuso. Nani angepinga? Wauaji walikuwa barabarani.

Mwezi wa Novemba 2020, wakati wa kampeni za uchaguzi, mgombea Robert Kyagulanyi, yule mwimbaji aitwaye Bobi Wine, alikamatwa. Vijana wakatoka barabarani. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 54 walikufa katika siku zile. Baadaye polisi walieleza kwamba kamera zilizotundikwa zimewasaidia kuwatafuta baadhi ya watu waliokamatwa kwa ajili ya ghasia zile. Yamkini wengine walikuwa wamechoma magurudumu na kupiga watu mawe. Sitaki kuwatetea wote. Nataka tu muone jinsi njia ilivyopinda. Mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya wauaji ulikuwa tayari juu ya nguzo siku serikali ilipoanza kuwaogopa wapiga kura. Hapakuhitajika kununua kitu kipya wala kuliomba Bunge ruhusa mpya. Ilitosha kuuelekeza upande mwingine.

Nisisahau jambo jingine, ingawa si kubwa kwangu kama hilo la kwanza. Mashine hizi hukosea, na hukosea zaidi kwa watu weusi. Mwaka 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilichunguza programu nyingi za kutambua nyuso, ikakuta kwamba nyingi zao zamchanganya mtu na mwenzake mara 10 hadi 100 zaidi zikitazama nyuso za Waafrika na za Waasia kuliko zikitazama za Wazungu. Januari 2020, karibu na mji wa Detroit, baba mmoja mweusi, Robert Williams, alifungwa pingu mbele ya mke na watoto wake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Mashine ilikuwa imesema sura yake yafanana na ya mwizi. Huko Marekani alipata mwanasheria, na mwaka 2024 polisi wa mji ule walikubali kuwekewa masharti mapya. Hapa kwetu mbebaji atakayeonyeshwa na mashine atapata mwanasheria wapi? Ataambiwa: kompyuta haisemi uongo.

Basi nirudi kwa swali la yule msichana, kwa maana mambo ya Kampala na ya Detroit yaweza kurekebishwa kwa mashine bora na polisi bora. Swali lake halirekebishwi hivyo.

Hesabuni pamoja nami. Mwezi wa Mei 1964 waasi wa Mulele waliingia Uvira, na ofisi za serikali zikawa zao kwa miezi kadhaa. Askofu Danilo Catarzi, askofu wa kwanza wa jimbo letu, alishikwa pamoja na wamisionari wengine. Mwaka ule ule, tarehe 28 Novemba, huko Baraka na Fizi, waliuawa wale wanne ambao tuliwaona wakitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mwezi wa Oktoba 1996 wakaja watu wa AFDL. Agosti 1998 wakaja wa RCD. Oktoba 2002 Mai-Mai wakauteka mji kwa siku chache, kisha ukatekwa tena. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba wakaingia Uvira pia. Kila safari bendera na bunduki zilibadilika, bali meza na kabati za ofisi zilibaki pale pale, na aliyeingia alifungua kabati.

Mzee mmoja wa huku Kalundu alinisimulia kwamba katika vita moja ya zile alinunua karanga sokoni, na karanga zile zimefungwa katika karatasi ya ofisi yenye majina ya watu na kodi zao. Alicheka sana aliponisimulia. Mimi naona kwamba karatasi ile ya karanga ilikuwa baraka. Daftari la zamani lilikuwa na adui wengi: panya, mvua, mchwa, karani mvivu, mwanamke wa sokoni aliyehitaji kitu cha kufungia. Adui hao walitulinda bila sisi kujua. Daftari la mashine haliliwi na mchwa. Laweza kunakiliwa lote mara moja katika kitu kidogo kuliko kidole, likavuka mpaka ndani ya mfuko wa shati. Kinga ile ya asili imeondoka, na badala yake hatuna budi kuweka kinga ya sheria. La sivyo hatuna kinga yoyote.

Mtasema: mwalimu, watia watu hofu. Tazameni basi jirani zetu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu wa Rwanda na kumpa kila mtu mzima kitambulisho kilichoandikwa kwamba ni Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa. Makarani wale hawakuandika ili watu wauawe. Walitaka utaratibu, kama makarani wote. Wabelgiji wakaenda zao, neno lile likabaki kwenye kitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mtu aliombwa kitambulisho chake, na kwa mstari mmoja uliochapwa yapata miaka 60 kabla, wengi waliuawa pale pale. Aliyeandika na aliyeua hawakuonana kamwe.

Wazungu nao walionja uchungu huo. Uholanzi kabla ya vita kuu ya pili ilisifiwa kwa madaftari yake ya raia, yaliyotunzwa vizuri mno, na ndani yake dini ya kila mtu ilikuwa imeandikwa. Wadachi wa Hitler walipoiteka nchi ile mwezi wa Mei 1940, walikuta kazi ya kuwatafuta Wayahudi imekwisha kufanywa nusu na makarani wema. Tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha Waholanzi kiliingia katika jumba la madaftari mjini Amsterdam na kulitia moto. Waliweza kuunguza sehemu tu ya kadi, na 12 kati yao walipigwa risasi mwezi wa Julai mwaka ule. Fikirini: watu wenye elimu, wapenda utaratibu, wakatoa roho zao ili daftari la mji wao liungue. Na mwaka 2021, Wataliban walipouteka Kabul, iliripotiwa kwamba walipata mashine ndogo za mkononi ambazo Wamarekani walizitumia kupiga chapa ya vidole na macho ya Waafgani. Jina mtu aweza kulibadili, na nyumba aweza kuihama. Ataficha wapi mboni ya jicho lake?

Na Injili yenyewe yatuonyesha jambo hili mahali ambapo sisi tunaoisoma kila mwaka kwenye Epifania tunapita mbio. Mamajusi walipofika Yerusalemu walimweleza Herode kwa moyo mweupe wakati halisi nyota ilipoonekana. Habari ile ilikuwa kweli tupu, nao waliitoa kwa nia njema. Kisha Herode aliitumia habari ile ile kupima umri: watoto wa miaka miwili na walio chini yake. Mamajusi walirudi kwao kwa njia nyingine, hawakupeleka taarifa ya pili. Lakini ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kufika.

Kwa hiyo jibu langu kwa darasa ni hili. Hatutoshi kuiuliza serikali itazitumiaje habari zetu. Serikali ya leo yaweza kujibu vizuri kabisa, na tuiamini, na kesho isiwepo. Yatupasa kuuliza mapema zaidi: je, habari hii yahitajiwa kweli? Kisichokusanywa hakiwezi kuibwa wala kutekwa. Mpaka wa kwanza uwe mlangoni mwa daftari, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kuna watu waliokwisha kwenda mahakamani kwa neno hilo, nao ni jirani zetu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuwaandikisha watu wote katika mpango ulioitwa Huduma Namba. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwaka 2018 ili serikali iweze kuchukua alama za vidole, hata vinasaba vya damu, na mahali nyumba ya mtu ilipo kwa kipimo cha setilaiti. Waliosimama mbele kupinga walikuwa Wanubi, wale ambao babu zao waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan na kukaa Kibera. Hao kwa miaka mingi waliambiwa wathibitishe kwanza kwamba ni Wakenya kabla ya kupewa kitambulisho. Hapa Kivu ya Kusini, ambako neno "uraia" limemwaga damu, nadhani hakuna haja ya kueleza kwa nini watu wa namna hiyo ndio waliotangulia kuliona shimo.

Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Nairobi walitoa hukumu. Hawakuufuta mpango wote. Walisema serikali yaweza kuendelea, ila vinasaba visichukuliwe, na mahali pa nyumba pasipimwe, na pawepo kwanza kanuni kamili za kulinda habari za watu. Mwezi wa Oktoba 2021 jaji mwingine, Jairus Ngaah, akasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari zake kwa raia kama ilivyoamriwa na sheria ya mwaka 2019. Naipenda sana hukumu ile ya kwanza, kwa sababu haina hasira. Yampa Kaisari kilicho chake, kisha yamwambia: damu ya mtu si yako.

Huko Ulaya nako, tangu tarehe 2 Februari 2025, sheria yawakataza polisi kutumia mashine za kutambua nyuso za wapita njia papo hapo, ila kwa mambo machache yaliyotajwa, kama kumtafuta mtu aliyetekwa au kuzuia shambulio kubwa, tena kwa idhini ya jaji au ya mamlaka isiyo chini ya polisi. Si sheria kamilifu. Milango ya pembeni imeachwa. Lakini tazameni: hao waundao mashine wanajifunga wenyewe, huku sisi tunaouziwa twaambiwa tuharakishe.

Je, Kongo haina sheria? Inayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2006 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na kwamba haki hiyo yaweza kuguswa tu pale sheria inapotaja. Tena tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi sheria ndefu juu ya mambo ya kompyuta na mtandao, ambayo ndani yake imo sehemu ya kulinda habari za watu na mamlaka ya kuzisimamia. Wanafunzi, tafuteni sheria hiyo muisome. Kifaransa chake ni kigumu lakini si kigumu kuliko mtihani wa Serikali. Sheria isiyojulikana na raia ni kama dawa iliyofungiwa kabatini huku mgonjwa yu chumba cha pili.

Na msidhani kwamba raia wa kawaida hana nguvu. Mnakumbuka ule ushuru wa simu ulioitwa RAM. Mwaka 2020 tuliambiwa kwamba simu zote zitaandikwa kwa namba zao za pekee, ili zilizoibwa na za bandia zijulikane. Lilikuwa neno la ulinzi. Mara mashine ikaanza kukata mesaji na dakika zetu yenyewe, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa, bila karani, bila risiti, bila mtu wa kumlalamikia. Mama muuza ndagala alinunua vocha asubuhi, na kabla hajampigia mtu ikawa imeliwa. Watu walinung'unika Kinshasa, Goma, Uvira. Wabunge wakalipeleka Bungeni mwaka 2021. Na mwaka 2022 ushuru ule ukafutwa. Nilijifunza mambo mawili pale. Kwanza, mashine iliyoletwa kwa ajili ya mwizi wa simu ilimfikia mwenye simu. Pili, kelele za wengi zilisikika. Ila tulipiga kelele kwa sababu tuliguswa mfukoni. Kupelelezwa hakuumi mfukoni, na hiyo ndiyo shida yake: siku utakayosikia uchungu wake, umekwisha kuchelewa.

Kuna sababu moja zaidi ambayo wanasheria hawaitaji, nami kama mtu niliyelelewa seminarini siwezi kuiacha. Ni habari ya kusahau. Mkristu aliyetenda dhambi huingia katika kitubio, hunena mbele ya padri mmoja, naye padri amefungwa mdomo hata kaburini. Akisha kuondolewa dhambi, haipo. Kanisa halina daftari la dhambi zilizoondolewa. Fikirini sasa kijana wa miaka 16 aliyeponyoka shule akarusha mawe pamoja na wenzake siku moja ya hasira. Katika kijiji cha babu zetu angechapwa, angeomba msamaha, na akifika miaka 30, akiwa na mke na watoto, nani angekumbuka? Wazee wangekumbuka, na wangenyamaza. Mashine yakumbuka, na haijui kunyamaza. Ikiwa na picha ya siku ile, atakapoomba kazi bandarini yaweza kutolewa. Basi kuamuru kwamba picha zifutwe baada ya siku kadhaa zisipohitajiwa na jaji si upuuzi wa wenye kuficha wezi. Ni kumwachia mwanadamu nafasi ya kutubu na kuwa mtu mwingine. Mwezi wa Januari 2025 Roma ilitoa waraka juu ya akili bandia uitwao *Antiqua et Nova*; nao wakubali kwamba vyombo hivi vyaweza kutumiwa kwa haki, ila wakataza kuvitumia kwa kupeleleza ili kuwaonea watu au kubana uhuru wao, na wataka pawepo wasimamizi na uwazi mbele ya watu.

Msomaji mkali ataniuliza: na ninyi Wakatoliki, je, hamna madaftari? Tunayo mengi sana. Na yatupasa kukiri kwamba katika Ujerumani ya Hitler vitabu vya ubatizo vilifunguliwa ili watu wathibitishe kwamba hawana babu Myahudi. Karatasi ya sakramenti ikawa kipimo cha damu. Katika miaka ile ile kulikuwa na mapadri na masista walioandika vyeti vya ubatizo kuwaokoa Wayahudi wasiuawe. Nilipomsimulia paroko wetu habari hii, alitazama kabati lake la chuma kwa muda, kisha akaniuliza kama nadhani kufuli lile latosha.

Nilipowarudia wanafunzi niliwaambia waandike, kila mtu kwa nusu ukurasa, yale ambayo serikali yaweza kumwuliza na yale asiyotaka kuulizwa. Kijana wa bandarini hakubadili nia yake, nami sikumlazimisha. Aliandika kwamba anataka kamera moja langoni mwa ghala, itazame lango tu na isitazame barabara, picha zifutwe baada ya siku saba, na polisi wasizichukue bila karatasi ya jaji. Mawaziri wengine hawajafika hapo. Mwingine aliandika kwamba alama za vidole hazimsaidii nyanya yake, kwa sababu vidole vyake vimelika kwa jembe na mihogo, na mashine yakataa kumjua. Afadhali karani aulize jirani.

Msichana wa dirishani aliandika mstari mmoja: "Jina langu, mwaka niliozaliwa, mahali ninapokaa. Kabila langu msiandike."

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitajibu barua ya baba mmoja wa Kasenga anayeuliza kama mzazi ana haki ya kuifungua simu ya binti yake usiku akilala.